Wenzangu wote wamelia, mimi kitabu kimenipita

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, nipo mwaka wa pili chuoni hapa Morogoro. Hosteli tuna kikundi cha kusoma riwaya, tuko wasichana saba. Kila mwezi tunachangishana, tunanunua nakala moja ya mtumba, inazunguka kitanda hadi kitanda, halafu Jumamosi ya mwisho tunatandika mkeka chini ya mwembe nyuma ya hosteli na kuizungumzia.

Safari hii zamu ya kuchagua ilimwangukia rafiki yangu, yule anayelala kitanda cha juu yangu. Akachagua The Fault in Our Stars ya John Green. Kwa ambaye hajaisoma, ni mapenzi ya Hazel, binti wa miaka 16 mwenye saratani ya tezi ya shingo iliyofika kwenye mapafu, anayetembea na mtungi wa oksijeni, na Augustus wa miaka 17 aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Wanakutana kwenye kikundi cha wagonjwa huko Indianapolis, Marekani, wanasafiri hadi Amsterdam kumwona mwandishi wa riwaya ambayo Hazel anaipenda kuliko zote, na mwishowe kijana ndiye anayetangulia. Rafiki yangu alikisoma kitabu hiki akiwa kidato cha nne, na hadi leo ana maneno yake kwenye kava la simu. Aliponikabidhi alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Hiki ni chako wewe."

Alisema hivyo kwa sababu anajua habari za mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, na mwaka juzi tulimzika kwa saratani ya titi. Nilimuuguza miezi saba. Nilisimamisha masomo, nikawa naye wodini na nyumbani, namwosha, namgeuza, namtayarishia uji anaokunywa vijiko vitatu. Alikuwa muuza vitenge, na wiki za mwisho alinikalisha na daftari akawa ananitajia anaowadai, jina moja moja, na kiasi.

Kwa hiyo Shangazi, mimi nilikisubiri kitabu hiki kuliko wenzangu wote. Nilikuwa wa saba kwenye zamu. Kilinifikia kimevimba, kurasa za mazishi zimeshikana, pembeni mtu kachora mioyo kwa penseli. Usiku ule niliweka hadi khanga karibu na mto, nikijua nitalia. Nilisoma mpaka saa nane. Nilipomaliza nikakifunga, nikaanza kufikiria nguo nilizoloweka tangu mchana.

Basi. Hakuna kilichonigusa. Wale watoto wanaongea kama watu waliopewa maneno waende kuyasema jukwaani. Augustus anaweka sigara mdomoni bila kuiwasha, kisha anaeleza maana yake. Wanabusiana kwenye nyumba aliyojificha Anne Frank, yule binti Myahudi aliyewakimbia Wanazi, na wageni wanawapigia makofi, nikaona aibu nikiwa peke yangu kitandani. Mama mdogo hakuwahi kuongea hivyo. Aliuliza saa ngapi, aliomba dirisha lifunguliwe, aliuliza kama mkaa umeingizwa ndani maana mvua ilikuwa inakuja. Tena kwenye kitabu hakuna hata mmoja anayesema "alichelewa hospitali." Kwetu neno hilo lilisemwa kila siku ya matanga.

Asubuhi rafiki yangu akachungulia kutoka juu, akaniuliza, "Umelia ukurasa gani?" Nikamdanganya. Nikamwambia mazishini. Akashuka akanikumbatia, na sasa ameshawaambia wengine kwamba Jumamosi mimi ndiye nitakayefungua mazungumzo. Jana mwenzetu mmoja alikuwa anamsimulia kijana aliyetazama filamu yake bila kutoa chozi, akasema mtu wa namna hiyo hana moyo. Nilinyamaza. Hata msibani mimi sikulia mbele ya watu, na nimeanza kujiuliza kama ni kweli kuna kitu nimekosa. Nifanye nini Jumamosi, na nimwambie nini rafiki yangu?

Binti wa kitanda cha chini, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama yako mdogo.

Nianze na hilo la moyo, maana ndilo linalokunyima usingizi. Anayeuguza ndiye anayejua funguo ziko wapi, dawa ipi imebaki, nani hajapigiwa simu. Siku ya msiba watu wote wanamjia yeye. Analia saa ngapi? Mama yangu alipofariki nilipika kwa siku tatu, na wifi yangu mmoja alinitazama kama unavyotazamwa wewe. Nilikuja kulia mwezi wa tano baadaye, nilipokuta kadi yake ya kliniki kwenye mkoba. Tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, Alhamisi, na Alhamisi hiyo ilikuwa imepita zamani. Machozi yana saa yake. Hayaitiki kwa sababu umewekewa khanga na riwaya.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, maana nakifahamu. Kilitoka Januari 2012. Mimi nilikisoma 2014, mwaka ilipotoka filamu, baada ya binti yangu kurudi nacho likizo macho yakiwa mekundu. Na mwanangu, kurasa nyingi za mwanzo zilinichosha kwa sababu ileile uliyoitaja. Hazel anaongea kwa ufundi, Augustus anaongea kwa ufundi, na yule mwandishi mzee mlevi wa Amsterdam, Van Houten, naye ana ulimi huohuo. Ukifunika majina, mahali pengi huwezi kujua nani kasema. Hilo ni dosari ya kitabu. Si dosari ya macho yako, na wasomaji wengi waliokipenda wamelisema pia. Halafu utani wao ni Kiingereza cha vijana wa Marekani. Wewe umeupokea kwa lugha ya darasani, na utani ukipita njia ndefu namna hiyo unafika umepoa.

Tena ulikuwa wa saba. Kurasa zimevimba, mioyo imechorwa pembeni, umeshaambiwa nani anakufa na wapi pa kulia. Msomaji wa namna hiyo anafika kwenye ukurasa akijiangalia mwenyewe: je, linakuja? Hakuna kitabu kinachoweza kumpata mtu aliye katika hali hiyo.

Ila nina neno zaidi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wewe uliambiwa ni kitabu cha mapenzi ya wagonjwa wawili, ukakisoma ukimtafuta mama yako mdogo ndani ya Hazel au ndani ya Augustus. Hukumwona. Lakini wewe hukuwa mgonjwa. Wewe ulikaa kwenye kile kiti cha pembeni ya kitanda. Humo kitabuni mtu aliyekaa kwenye kiti chako ni mama yake Hazel, na amepewa kurasa chache. Ndiyo maana kilikupita. Kilikuwa kinaongea na aliyelala kitandani, wewe ukiwa umesimama na beseni.

Mkumbuke vizuri yule mama. Hazel alipokuwa na miaka 14 walimpeleka chumba cha wagonjwa mahututi, wakadhani ndiyo mwisho, na akamsikia mama yake akimwambia baba kwa kilio kwamba sasa hatakuwa mama tena. Sentensi hiyo Hazel anatembea nayo kitabu kizima pamoja na ule mtungi. Anajiita bomu. Anaona siku atakapolipuka atawaumiza wote walio karibu, kwa hiyo afadhali watu wawe wachache. Ndiyo sababu anamkwepa hata Augustus mwanzoni.

Halafu jiulize: anakwenda Amsterdam kutafuta nini? Wenzako watasema mapenzi, maana busu liko huko. Lakini anachokifuata Hazel ni jibu. Kile kitabu anachokipenda kinakatika katikati ya sentensi, kwa sababu msichana anayesimulia amezidiwa au amekufa, na Hazel anataka mwandishi amwambie waliobaki waliishia wapi, na wa kwanza kati yao ni mama wa yule msichana. Amevuka bahari na mapafu yasiyofanya kazi kwa ajili ya swali moja: mama huwaje, mtoto akishakufa? Van Houten anakataa kumjibu. Anasema wale ni watu wa kubuni, hawaendi popote kitabu kikiisha. Jibu analipata mwishoni kabisa, nyumbani kwao, siku anapogombana na wazazi wake. Mama anamwambia kwamba hata akifa yeye ataendelea kuwa mama yake. Kisha anatoboa siri: amekuwa akisoma kimyakimya shahada ya ustawi wa jamii, ili aje kusaidia familia zinazouguza. Alikuwa ameficha, akiogopa Hazel asije akadhani anapanga maisha ya baada yake. Na Hazel anafurahi. Anafurahi sana, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa anahangaika nalo siku zote.

Mimi hapo ndipo kitabu kilinishika. Mazishini hakikunishika hata kidogo.

Ulisimamisha masomo ukarudi. Upo mwaka wa pili. Sijui kama mama yako mdogo aliwahi kukuuliza utafanya nini yeye akiondoka, lakini mtu anayekalisha binti yake na daftari la madeni ya vitenge, jina moja moja na kiasi, anakuwa amejiuliza swali la Hazel na kulijibu kwa njia yake. Anakuachia mtaji.

Kuna sehemu nyingine nataka uirudie, nayo ni ya Augustus kwenye kituo cha mafuta, usiku. Naona uliipita haraka, ukiwa umeshamchukia kwa sigara yake. Kijana amezidiwa, ana mrija wa tumboni na mrija umeharibika, na amejiendesha mwenyewe usiku wa manane kwenda kununua pakiti ya sigara. Alitaka afanye jambo moja kwa mikono yake mwenyewe. Hazel anamkuta ndani ya gari, amejitapikia, analia, anamsihi asiite gari la wagonjwa. Hazel anaita. Ile sigara yenye maelezo marefu sasa ni pakiti ya dukani asiyoweza kuinunua. Yule kijana wa maneno mazuri amekwisha, amebaki mgonjwa. Nadhani hapo ungemtambua mtu uliyewahi kumgeuza kitandani, na nadhani mwandishi alijua anachokifanya. Kabla ya uandishi, John Green alihudumu kwa muda kama kasisi mwanafunzi kwenye hospitali ya watoto, na kitabu amekitoa tunu kwa Esther Earl, binti aliyefariki 2010 akiwa na miaka 16 kwa saratani ya tezi. Anasisitiza kwamba Hazel si Esther. Lakini mtu huyu ameketi kwenye vyumba vile.

Na lile neno "alichelewa." Umesema halimo kitabuni. Mwanangu, limo, tena limo juu ya jalada. Jina la kitabu, yaani kosa lililo kwenye nyota zetu, limetoka kwa Shakespeare, kwenye tamthilia ya Julius Caesar, pale Cassius anapomwambia Brutus kwamba kosa haliko kwenye nyota zetu, liko ndani yetu sisi wenyewe. Sisi tunayo maneno hayo kwa Kiswahili tangu 1963, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo. Cassius alikuwa anataka kumchochea mtu aingie kwenye njama, na kwa kazi hiyo maneno yake yanafaa. Yapeleke wodini uone. Mgonjwa kafanya kosa gani? John Green ameyageuza maneno ya Cassius kwa makusudi: yako mambo ambayo kosa lake liko kwenye nyota tu, si kwa aliyeugua. Waliokuwa wakisema "alichelewa" kwenye matanga walikuwa wanatafuta kosa ndani ya mama yako mdogo, kwa sababu mtu akipata wa kumlaumu hulala vizuri zaidi, akijiambia yeye hatachelewa. Usilibebe neno hilo. Na kama kuna siku ulijiambia wewe ndiye uliyechelewa kumpeleka, nalo litue chini.

Sikuombi ukipende kitabu. Ukirudia sehemu hizo mbili, na bado usisikie kitu, kirudishe kwa mwenyewe kwa amani. Zipo kazi nyingine zinazosema na mtu wa kiti cha pembeni. Mimi huirudia Utenzi wa Mwana Kupona, ulioandikwa upande wa Lamu na Siyu yapata 1858. Mama mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, anamwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi, ana jambo moyoni anataka kumwambia. Mashauri yake ya ndoa unaweza kubishana nayo, mimi nabishana nayo kila nikisoma. Lakini zile beti za mwanzo, binti anaitwa akae karibu na kitanda, aandike anachotajiwa! Wewe umewahi kukaa pale. Ulikuwa na daftari.

Tuje kwenye Jumamosi.

Usisubiri ifike. Mwambie rafiki yako kabla, mkiwa wawili, tena mkiwa na kazi mikononi, mnafua au mnachambua mchele, maana maneno haya ni magumu mkitazamana. Anza na uongo wako, kwa sababu huo ndio deni: "Uliponiuliza nimelia ukurasa gani nilikudanganya. Sikulia. Nilikisubiri sana kitabu chako, kikanipita, nikaogopa kukuumiza." Ukishasema, nyamaza kidogo. Usianze kumhesabia makosa ya kitabu, mambo ya sigara na makofi yasubiri. Yeye hakukupa riwaya tu. Alikuwa anatafuta njia ya kuufikia msiba wako, hakujua mlango uko wapi, akajaribu kwa kitu anachokipenda kuliko vyote alivyonavyo. Mshukuru kwa hilo, utakuwa unasema kweli.

Kama atanuna siku moja mbili, mwache anune. Amedanganywa, na alikuwa ameshajitangazia.

Kufungua mazungumzo, fungua ukitaka, ila si kwa machozi ya uongo. Waulize lile swali: Hazel anakwenda Amsterdam kutafuta nini? Waache wabishane, kisha wasomee pale mama anapotoboa siri yake. Habari za mama yako mdogo si lazima uzitoe kwenye mkeka mbele ya watu sita, hizo ni zako. Na yule mwenzenu akirudia kwamba asiyelia hana moyo, mjibu kwa upole kwamba wewe hukulia, basi, mwendelee na kitabu. Ukisema kwa sauti ya kawaida hatakuwa na pa kulipeleka. Ukiona hutaweza, mwombe mwingine afungue, wewe kaa usikilize.

Jambo la mwisho. Barua yako yote umeniambia wewe hukulia wapi, na rafiki yako alikuuliza wewe ulilia wapi. Yeye alilia ukurasa gani? Alikuwa msichana wa kidato cha nne, na miaka yote hii anatembea na maneno ya kitabu kile kwenye kava la simu. Nadhani hujawahi kumuuliza. Muulize, halafu niandikie.

Shangazi yako